Siku sita na kioo kilicholala juu ya boneti

Siku ya kwanza

Tumetoka alfajiri gari mbili. Mimi na anko tupo kwenye Jeep yake ya zamani, CJ-5, nyuma yetu binamu yangu, binti yake anko, na Jeep yake ya siku hizi, Wrangler JL, ambayo bado inanukia mpya. Kazi yenyewe ni mabomba ya maji, yale ya plastiki ya mita 6, yanatakiwa yafike kambini sehemu ambayo lori haliendi hata ulisukume, kwahiyo lori litayashusha ukingoni mwa mto huko mbele na sisi ndo tutayavusha. Kabla ya kufika huko kuna lami kidogo, kisha msitu, kisha mawe, kisha tambarare ya vumbi. Kwenda siku tano, kurudi kuna njia fupi zaidi ila huwezi kuipita na gari zikiwa na mzigo, siku moja tu.

Niseme ukweli mapema ili msije mkanishangaa baadae: mimi kile kioo cha mbele cha kulaza nimekuwa nikikiona mbwembwe tu. Mtu analaza kioo, anavaa miwani myeusi, anapigwa picha, anakisimamisha anarudi nyumbani. Nimemwambia anko hivyo miaka na miaka, na yeye ananiita anko vilevile kama mimi ninavyomuita, jana usiku akaniambia, "Anko, tusibishane. Beba daftari, andika kila siku, siku ya sita tutasoma wote." Ndo hili daftari.

Leo hakuna cha maana njiani, lami ni lami, vioo vyote vimesimama, na anko amesema wazi kwamba barabarani hakilazwi hata kama wewe ni nani, kuna nchi ni kosa na hata pale ambapo si kosa ukipigwa na jiwe la gari la mbele usoni kwa kilomita 80 kwa saa utajijibu mwenyewe.

Jioni lami imeisha, tumeweka kambi, nikafundishwa kulaza. Kwenye CJ hii sio kazi kubwa: unatoa turubai kwanza, LAZIMA kwanza, maana turubai limeshikwa juu ya fremu ya kioo, halafu unachomoa plagi ya waya wa mota ya waipa kwa sababu mota yenyewe imekaa kwenye fremu na ukisahau utaondoka na waya, halafu unafungua vishikizo viwili vya pembeni, mmoja anashika kulia mwingine kushoto, mnakishusha pole pole mpaka kilalie zile raba mbili za kwenye boneti. Mkanda juu, kaza. Dakika tano hazikufika. Tukakisimamisha tena maana kesho ni msitu, na hapo anko akanipa kitambaa akasema nifute ile raba ya chini, ile inayozuia maji pale fremu inapokutana na bodi, nitoe mchanga wote kabla hakijakaa. Nikafuta futa. Kulikuwa na giza bana.

Binamu yeye alituangalia tu huku anasoma kitabu cha gari lake. Kwa JL unatoa mikono ya waipa, unafungua bolti nne za ndani pale juu, basi. Anko akacheka akasema hiyo ni nafuu, ile JK iliyotangulia kabla ya 2018 ilikuwa na bolti 28, ishirini na nane, yaani kioo kilikuwa kinalala kwenye karatasi tu, nani atakaa porini anafungua bolti ishirini na nane halafu azirudishe. Nikaandika: pointi ya kwanza ni yangu, watu wenyewe walikuwa hawakilazi.

Siku ya pili

Msitu. Nilidhani leo ndo siku ya kulaza, kivuli, kaupepo, ndege wanalia. Nikamwambia anko tulaze. Akakataa. Nikasisitiza, akanyamaza, akalaza, akanikabidhi usukani.

Mita mia mbili hazikufika. Tawi jembamba lenye miiba lilishikwa na bampa, likajikunja, likaachia, likanichapa kuanzia shavuni mpaka sikioni. Sikuumia sana ila nilielewa. Kioo kikiwa kimesimama tawi linapiga fremu linapita juu, kikiwa kimelala tawi linapanda boneti linakuja moja kwa moja kwako wala halina haraka. Anko akasema hata jeshini walijifunza hivyohivyo kwa njia mbaya zaidi, wakati wa vita kuu ya pili zile jeep zilikuwa zinatembea kioo kimelazwa, adui anafunga waya kati ya miti miwili kwenye usawa wa shingo, ndo maana ukiona picha za zamani utaona chuma kirefu kimesimama kwenye bampa la mbele kikiwa na kijipembe juu. Kile ni cha kukata waya. Mimi nilikuwa nadhani ni antena!

Tukakisimamisha, tukaenda hivyo mpaka saa nane mchana. Sasa hapo ndo mambo yalipobadilika.

Mti mkubwa umeanguka umekata njia. Haujalala chini wote, shina limeegemea ukingo upande wa kulia, kwahiyo kushoto liko chini kabisa na kulia kuna uwazi, nimesimama pale ukanifika kifuani. Kuuzunguka haiwezekani, kulia ni ukuta wa udongo na kushoto ni bonde. Kuukata, tuna msumeno wa mkono tu, labda tungemaliza kesho kutwa. Kuuvuta kutokea upande wetu nayo haiwezekani maana mizizi ipo upande wetu, ukivuta unaukaza zaidi. Unatakiwa uvutwe kutokea upande wa pili. Na upande wa pili hakuna gari.

Anko akazunguka ule mti mara mbili, akapima kwa mkono, akarudi akaanza kufungua. Turubai lilikuwa limeshatoka. Akalaza kioo. Akafungua rolibaa, lile bomba la chuma la kukinga vichwa gari likipinduka, la kwake alilitengenezea bolti ili litoke, na hapa naomba nisisifie sana maana gari bila lile bomba ni hatari na yeye mwenyewe alisema linatoka kwa mita kumi tu na linarudi palepale. Mimi na binamu tukashuka. Sasa kitu kirefu kuliko vyote kwenye lile gari kilikuwa ni usukani. Anko akalala ubavu kwenye viti, mkono mmoja kwenye usukani, akaweka fowili, tairi zote nne zivute, gia ndogo, gari likawa linatambaa lenyewe bila kukanyaga mafuta, binamu yupo mbele anamuelekeza "kushoto baba, kushoto kidogo, nyoosha," mimi nipo pembeni nimeshika kichwa. Usukani ulipita chini ya shina nafasi ya kiganja, sio zaidi.

JL isingepita pale hata siku moja. Kioo chake kinalala sawa, lakini nguzo za pembeni na bomba la juu vinabaki vimesimama (hata kile kioo cha kuangalia nyuma kinabaki kinaning'inia kwenye lile bomba, inachekesha kidogo), kwahiyo gari haliwi fupi hata kidogo. Ni usalama, sawa, na kwa familia ningechagua hiyo. Ila leo ilibaki inasubiri.

Anko akafunga mnyororo kwenye ncha ya mti akiwa upande wa pili, akauvuta kwa nyuma taratibu ukajisokota ukaingia bondeni wenyewe. Dakika arobaini jumla na nusu ya hizo ni kurudisha rolibaa.

Usiku akanieleza kwamba hiki sio kitu kilichobuniwa kwa ajili ya picha. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliposambaza masharti ya gari wanalolitaka kwa makampuni 135, kioo cha kulala kilikuwa ndani ya yale masharti, sambamba na fowili na uzito. Muda wa kuleta gari la mfano ulikuwa siku 49. Kampuni ya Bantam ndo walioleta, Septemba mwaka huohuo, kisha wakaja Willys na Ford. Na ile Willys MB, jeep yenyewe ya vita, ukiivua turubai na ukalaza kioo ilikuwa inashuka mpaka mita 1.32, ikiwa na turubai ni kama mita 1.77. Karibu nusu mita imepotea. Gari fupi linajificha nyuma ya kichaka, linaingia kwenye ndege, linapakiwa melini kwa nafasi ndogo. Nikaandika na hiyo, pointi ya anko, moja kwa moja.

Siku ya tatu

Mawe tangu asubuhi. Njia inapanda kuelekea mashariki na jua ndo linatoka, yaani tunaendesha tukiliangalia usoni.

Hapa nataka nikae kidogo maana hii ndo siku iliyonibadilisha, ule mti wa jana ungeweza kuwa bahati tu.

Kioo cha CJ kina umri mkubwa. Kimekwaruzwa na waipa miaka yote, mikwaruzo ile ya nusu duara ambayo mchana huioni kabisa. Jua la chini likikipiga kwa mbele kila mkwaruzo unawaka, ongeza vumbi la ndani na la nje, mbele yako kunakuwa na pazia jeupe na nyuma ya pazia kuna mawe ya ukubwa wa ndoo. Nilikuwa naendesha mimi. Nikapanda jiwe ambalo nililiona kama kivuli, gari likainama, moyo ukaenda kwenye magoti. Nikasimama.

Tukalaza. Na papo hapo nikaona, sijui niseme vipi, ni kama mtu aliyevua miwani michafu. Pazia limeondoka. Zile nguzo mbili za pembeni za fremu zimeondoka, na sikuwa najua kwamba ndo zilikuwa zinanificha tairi la mbele kila ninapokata kona. Lakini zaidi ni masikio. Nilianza kusikia tairi. Mpira unaposhika jiwe una sauti yake na unapoteleza una sauti nyingine, na anko anayeelekeza amesimama mita tatu mbele anaongea kawaida kabisa, hapigi kelele, "njoo, njoo, simama, rudisha usukani, njoo." Kabla ya hapo tulikuwa tunaelewana kwa mikono na mimi nilikuwa simuoni vizuri kwa sababu ya mwanga. Kilomita nne zile tulizimaliza kwa saa mbili na sikugonga kitu tena.

Kuna kero mbili lazima niziandike. Moja, kioo kilicholala kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia, jua likipanda juu linakipiga linakurudia machoni. Anko ana kitambaa kizito cheusi cha saizi yake anakifunika na kukifunga na mkanda. Akasema na wanajeshi walikuwa na magunia yao ya turubai kwa ajili hiyohiyo, sio macho ya dereva tu, mmeto wa kioo unaonekana mbali sana na unamwambia adui upo wapi, na wale makomando wa Uingereza wa SAS waliokuwa jangwani Afrika Kaskazini mwaka 1942 waliving'oa kabisa. Pili, fremu ikilala juu ya boneti inaongeza unene kidogo, kwahiyo pale karibu kabisa na bampa unapoteza kipande cha ardhi ambacho ungekiona. Nilijikuta nanyanyua shingo kama twiga. Muelekezaji bado anahitajika, mtu asije akasoma hapa akaenda peke yake.

Binamu naye leo amelaza ya kwake kwa mara ya kwanza. Bolti nne kweli, lakini ule mkono wa waipa uligoma kutoka, alihangaika nao karibu robo saa mpaka akaanza kuusemesha. Akifika juu alikuwa anatabasamu mpaka meno ya mwisho. Mimi na yeye tukabishana ni kwanini magari mapya mengi hayana hiki kitu. Zamani kilikuwa kawaida, Land Rover tangu ile ya 1948, Land Cruiser FJ40, UAZ-469 ya Warusi, hata ile Volkswagen 181 ya mabati mabati. Ford Bronco ya 1966 ilikuwa nacho, Bronco iliyorudi 2021 haina. Binamu anasema ni usalama, kioo cha siku hizi kimegandishwa kwa gundi na ni sehemu ya nguvu ya bodi, na kelele za upepo, na maji. Nadhani ana haki. Ila nasema hivi nikiwa nimetoka kwenye mawe yale, ningepewa nichague leo leo najua ningechagua nini.

Siku ya nne

Fupi leo, macho yanauma.

Tambarare. Vumbi kama unga. Mimi kwa sababu ya raha ya jana nikasema tuendelee kimelala, anko akaniangalia akavaa miwani yake ya pikipiki akafunga kitambaa mdomoni akasema "haya". Mpaka kilomita 20 kwa saa ni sawa tu. Kufika 40 upepo unakutoa machozi, mdudu mmoja akaniingia mdomoni mwingine akanigonga paji la uso nikadhani ni jiwe. Na binamu alikuwa mbele, vumbi lake lote lilikuwa la kwetu. Nikaomba kisimamishwe mwenyewe, kwa adabu. Hapo nikakumbuka ile raba, nikaifuta tena ila nusu nusu maana vumbi lilikuwa linashuka kwa kasi kuliko mkono wangu.

Kabla ya kusimamisha lakini kulitokea kitu ambacho sijawahi kusikia mtu akikisema. Geji ya joto ya CJ ikapanda. Unasimama, unataka kufungua boneti haraka uone kama ni mkanda wa feni au maji. Huwezi! Juu ya boneti kuna kioo, juu ya kioo kuna kitambaa, juu ya kitambaa kuna mkanda umekazwa na mtu aliyeukaza ni mimi na nilikuwa nataka sifa. Mpaka tunakisimamisha mvuke umeshaanza kufuka. Ilikuwa klipu ya hosi imelegea, bisibisi tu na kujaza maji baada ya kupoa. Anko anasema ndo maana sehemu yenye joto na mlima mrefu hukilazi kama hujakagua injini kwanza.

Jioni ikaja faida nyingine, ya binamu hii. Kuna bwawa dogo na ndege wengi, akalaza cha JL, akazima injini, akaweka kimfuko cha mchanga juu ya dashibodi akalaza lenzi yake ndefu pale. Kwa kupitia kioo picha zake zinatoka kama mtu amepaka mafuta, maana kioo kimeinama na lenzi ndefu haisamehi. Kushuka chini nako ndege wanaruka wanapoona mtu anatembea, gari hawaliogopi. Alikaa pale saa nzima. Hakuniruhusu kuongea.

Siku ya tano

Tumefika mtoni saa tatu asubuhi, mabomba yapo, rundo.

Sasa hesabu. CJ-5 ni gari fupi, mita tatu na nusu hivi. Bomba ni mita 6. JL ni ndefu kidogo ila ina yale mabomba ya juu yasiyotoka. Wazo langu la kwanza lilikuwa tuyafunge juu, nyuma kwenye rolibaa na mbele juu ya fremu ya kioo ikiwa imesimama. Anko akanikatalia, na safari hii alieleza: fremu ile haikutengenezwa kubeba mzigo, gari likiruka kidogo tu uzito unashukia kwenye ukingo wa kioo, kioo kinapasuka. Na mzigo ukikaa usawa wa kichwa, kwenye mteremko wa ubavu gari linataka kulala. Weka mzigo chini, gari linatulia.

Tukalaza kioo. Tukafunga gogo la mbao juu ya bampa la mbele, limezidi kimo cha kioo kilicholala vidole vinne, na gogo lingine kwenye mlango wa nyuma. Mabomba yakapita katikati, juu ya kiti cha abiria, juu ya dashibodi, juu ya kioo bila kukigusa, yakatokea mbele. Mita na robo mbele, mita na robo nyuma, vitambaa vyekundu kila ncha. Manane kwa safari. Mimi sina pa kukaa nikahamia kwa binamu. Kwa kioo kilichosimama mzigo ule ungekuwa kichwani, hivi ulikuwa usawa wa kiuno cha dereva. Nilikuwa nyuma nikiangalia, gari halikuyumba kabisa.

Tatizo ni ncha za mbele. Kila penye shimo gari likishuka zile ncha zinagusa udongo kabla ya tairi, moja ikajikunja ikapasuka. Tukainua gogo la mbele kwa kipande kingine, ncha zikaangalia juu, ikawa nafuu.

Mto wenyewe tuliuvuka kioo kikiwa kimesimama, kabla ya kupakia, tukajaribu kina kwanza. Maji yalikuwa juu ya bampa kidogo na wimbi lilipopiga boneti lilipanda mpaka kwenye kioo. Kingekuwa kimelala lingetukuta mapajani, na sehemu yenye mkondo wimbi lingekiingia kwa chini likakinyanyua. Mabomba tuliyavusha kwa mikono, watu tulikuwa sita na wenyeji wa kambi, tukapakia ng'ambo. Kilomita 11 kwenda, 11 kurudi, mara tatu.

Mara ya tatu usiku ulituingia, na ukungu ukashuka kutoka mtoni. Mabomba tumeshashusha tunarudi mtoni watupu, kioo tumekisimamisha kwa sababu ya baridi, mimi nimerudi kwa anko. Kioo kikajaa maji nje na mvuke ndani. Anko akawasha waipa. Zikaenda mara moja, zikafia katikati. Fyuzi. Tukaweka nyingine, ikaungua palepale, kuna waya umechunika mahali na nina wasiwasi na mtu aliyekuwa anachomoa na kuchomeka ile plagi siku tano, yaani mimi. Kwa gari lingine pale unalala. Au unatoa kichwa dirishani. Sisi tulikilaza, tukafunga majaketi mpaka kidevuni, tukaenda kilomita 10 kwa saa tukiangalia nyayo za tairi njiani kwenye mwanga wa taa za mbele. Baridi ilikuwa ya kweli, nyusi zangu zilikuwa zinadondosha maji. Lakini tuliona. Binamu alikuwa nyuma yetu na waipa zake nzima, kioo chake kipya, hita inapuliza, na ndo alikuwa anafuata taa zetu.

Hakuna aliyeongea habari ya pointi.

Siku ya sita

Tumerudi kwa ile njia fupi, watupu, hakuna mawe wala msitu wa kutisha. Asubuhi tukakitembeza kimelala kwa mwendo mdogo, sio kwa sababu yoyote, kwa raha tu, na ninakiri. Upepo wa asubuhi, harufu ya majani, hakuna kitu kati yako na njia. Kama hiyo ni mbwembwe basi sawa.

Saa sita tumefika lami. Tukasimama, tukasimamisha vyote viwili. Binamu bolti zake nne, waipa zake, akamaliza kabla yetu akaanza kutucheka. Mimi nikafunga vishikizo, anko akafunga turubai, waya wa waipa tukauacha hadi nyumbani. Akaniuliza, "Ile raba umeifuta?" Nikamwambia nimeifuta. Nilikuwa nimeifuta siku ya kwanza na nusu ya siku ya nne.

Mvua ilianza kama nusu saa baadae, nzito. Waipa hatuna, kwahiyo tukaegesha pembeni chini ya turubai tukasubiri ipungue. Anko akatoa lile daftari kwenye droo akaanza kulisoma kwa sauti kuanzia siku ya kwanza, ile sehemu ya mbwembwe aliirudia mara mbili. Alipofika kwenye "nikafuta futa, kulikuwa na giza bana" tone la kwanza likaingia kutoka chini ya fremu likanidondokea gotini. La pili. Baadae ikawa ni kamstari kamoja ka maji kanatiririka kutoka kwenye dashibodi moja kwa moja kwenye suruali yangu, upande wangu tu, kwake hata tone hakuna.

Anko akaangalia goti langu, akafungua ukurasa unaofuata, akaendelea kusoma.